Jua la Kampala, shata na filta: namna ya kuuchezea mwendo kwenye filamu

Filamu fupi ya kwanza niliyoachiwa kamera niishike mwenyewe ilikuwa na onyesho la boda wawili kufukuzana kwenye barabara ya kwenda Ggaba, saa saba mchana, jua liko utosini. Nilitaka vitu vilivyo nyuma ya mwendeshaji viyeyuke, kwa hiyo nikafungua lenzi hadi f/2.8 (namba ya f ikipungua, tundu la lenzi linapanuka). Picha ikawa nyeupe pe. Nikafanya anachofanya kila mtu asiye na filta: nikapandisha kasi ya shata, ule mlango wa kamera unaofunguka na kujifunga kuingiza mwanga, nikapandisha tena, hadi 1/4000 ya sekunde, picha ikatulia. Kwenye kiskrini cha kamera ilikuwa safi kabisa. Jioni tulipoitazama kwenye kompyuta, pikipiki ilikuwa ikirukaruka kama panzi, magurudumu yamesimama huku yenyewe inakwenda, na vumbi linaonekana punje moja moja kama sukari iliyomwagika mezani. Mzee aliyekuwa akituongoza akaitazama mara mbili, akaniuliza, "Kijana, hii pikipiki ina homa?"

Tangu siku hiyo ninafanya kazi kwa kanuni moja: shata ni ya mwendo, filta ni ya mwanga. Mwanga ukizidi, shata usiiguse, weka filta. Shata iguse pale tu unapotaka mwendo wenyewe uonekane tofauti. Ukiishika kanuni hiyo kwanza, kuivunja baadaye kutakuwa uamuzi wako, si ajali kama ile yangu.

Hatua ya kwanza: funga shata

Weka kamera kwenye fremu 25 kwa sekunde. Sababu ni umeme. Umeme wa Uganda, kama wa Kenya na Tanzania, una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinazoutumia hung'aa na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni hilo, kamera inaliona. Kamera nyingi za mtumba hufika zikiwa zimepangwa kwa fremu 30, kwa hiyo ingia kwenye menyu, tafuta palipoandikwa NTSC, geuza iwe PAL, na fremu 25 zitajitokeza.

Halafu weka shata 1/50. Hapo shata inakaa wazi nusu ya muda wa fremu, na ndiyo maana watu wa sinema huita nyuzi 180: kamera za mkanda zilikuwa na kisahani kinachozunguka, nusu wazi nusu kimeziba. Mtu akipunga mkono mbele ya kamera iliyo kwenye 1/50, kila fremu inabeba ukungu kidogo wa mkono ule. Ukungu huo ndio gundi. Ndio unaoifanya fremu ya kwanza ishikane na ya pili mpaka jicho likubali kwamba mkono umepita, badala ya kuona picha 25 za mikono tofauti. Shata ya 1/4000 inaondoa gundi yote, na unapata pikipiki yenye homa.

Ukipiga fremu 50 ili baadaye uzipunguze mwendo, shata inakuwa 1/100. Kila mara ni fremu mara mbili.

Anayetumia simu asikate tamaa. Programu ya kamera iliyokuja na simu huwa inajiamulia shata yenyewe, lakini Blackmagic Camera ni ya bure na inakuruhusu kufunga fremu, shata, ISO (wepesi wa kamera kuupokea mwanga) na mizani ya rangi. Lenzi za simu nyingi tundu lake halibadiliki, kwa hiyo juani simu inahitaji filta kuliko hata kamera kubwa. Zipo za kubana kwa klipu.

Hatua ya pili: hesabu ND unayohitaji

Filta ya ND ni miwani ya jua ya kamera: kioo cha kijivu kinachopunguza mwanga bila, ikiwa ni nzuri, kugusa rangi. Swali ni kijivu kiasi gani. Watu wengi hukisia, na kukisia kunakula muda wa wasanii wanaosubiri juani. Hesabu ni rahisi, mradi ukubali kuhesabu kwa stopu. Stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu.

Tuseme uko mwaloni Ggaba, mchana, hakuna wingu, unataka kumpiga mama anayekwangua magamba ya sato, mitumbwi nyuma yake iwe ukungu. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kwamba kwenye jua kali, ISO 100, ukiweka f/16 na shata 1/100, picha inatoka sawa. Anzia hapo. Wewe unataka f/2.8. Kutoka f/16 unapita 11, 8, 5.6, 4, ndipo 2.8: stopu tano za mwanga wa ziada. Unataka pia shata 1/50 badala ya 1/100: stopu moja zaidi. Jumla sita. Sasa zidisha mbili kwa mbili hadi ufike mara sita: 2, 4, 8, 16, 32, 64. Unahitaji ND64.

Makampuni mengine hawaandiki 64, wanaandika 1.8. Usibabaike, kila 0.3 ni stopu moja, hivyo 0.9 ni ND8 na 1.8 ni ND64. Na kama kamera yako inataka ISO 800 ili ipige kwa mtindo ule wa rangi zilizopauka wa kusahihishwa baadaye, ongeza stopu tatu. Zinakuwa tisa, yaani ND500 hivi. Hapo ndipo wengi hushangaa kwa nini ND8 waliyonunua haiwasaidii kitu.

Nikiulizwa kama nina pesa ya filta moja tu ninunue ipi, mimi husema ND ya kuzungusha, ile yenye vioo viwili ambayo ukizungusha pete inazidi kuwa nyeusi. Wanaojua zaidi watanicheka, kwa sababu ND za kioo kimoja zina rangi safi zaidi. Lakini wao hawashuti peke yao. Hapa tuko kwenye ikweta, mstari wenyewe unapita Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, na jua letu haliteremki kwa mshazari kama la Ulaya. Linashuka wima kama jiwe kisimani. Ile rangi ya dhahabu ya jioni ambayo vitabu vya wenzetu vinasema hudumu saa nzima, Kampala unaipata kwa nusu saa ukibahatika. Katika nusu saa hiyo unatoka kuhitaji ND64 hadi kutohitaji filta kabisa. Ukiwa na pete ya kuzungusha unafuata mwanga kwa kidole. Ukiwa na filta za kufungua na kufunga, jua linazama wewe bado unafungua.

Nunua yenye kipenyo kikubwa, milimita 77 au 82, kisha nunua pete za kupandishia kwa kila lenzi ndogo uliyo nayo. Pete ni bei ya rolex chache, zile chapati za mayai, filta si hivyo. Na usiizungushe hadi mwisho: ikifika kwenye weusi wa mwisho, hasa kwa lenzi pana, utaona kivuli cha msalaba katikati ya picha. Rudi nyuma kidogo, kisha ufunge tundu la lenzi kidogo kufidia mwanga uliozidi.

Hatua ya tatu: pima kitu cheusi kabla ya kuanza

Hatua hii nililipia. Tulikuwa tunapiga kwanjula, sherehe ya Waganda ya bwana harusi kutambulishwa ukweni, upande wa Masaka, mahema meupe, wageni kama mia tatu. Upande wa bwana harusi wamevaa kanzu nyeupe na makoti meusi, kama desturi. Nilikuwa na ND nzito ya bei ya chini, nikaridhika na picha kwenye kiskrini kwa sababu jua lilikuwa kali mno kuona vizuri. Nyumbani, makoti yote yalikuwa kahawia. Si yote sawasawa, la. Makoti ya pamba yalibaki meusi, ya poliesta yakawa kama chokoleti iliyoachwa juani. Shangazi wa bibi harusi, yule Waganda wanayemwita ssenga, alipopelekewa video alinipigia simu: "Mwanangu, makoti ya wakwe zetu mmeyapaka nini?"

Kilichotokea ni hiki. Mbali na mwanga tunaouona kuna mwanga wa infraredi tusiouona, na sensa ya kamera inauona kidogo. ND ya bei nafuu hukata mwanga wa kawaida lakini infraredi inapita kama kawaida. Filta ikiwa nyepesi huoni tofauti. Ikiwa ya stopu sita na zaidi, infraredi inakuwa sehemu kubwa ya kile kinachoingia, na vitambaa vya nailoni na poliesta huirudisha kwa wingi. Ndiyo hiyo kahawia. Kwenye kompyuta huiondoi kirahisi, maana ukiivuta rangi ya koti unaivuta na ya uso.

Kwa hiyo, kabla ya kazi: funga filta, chukua kitambaa cheusi cha poliesta, mkoba wa kompyuta unatosha, uweke juani, piga sekunde tano, uitazame ndani ya nyumba au chini ya koti. Ikiwa nyeusi imebaki nyeusi, endelea. Ikiwa imegeuka, punguza uzito wa filta, ufunge lenzi hadi f/5.6 au f/8, uvumilie nyuma kuonekana. ND zenye kizuizi cha infraredi zipo, na kwa anayepiga sherehe zenye makoti meusi zina thamani ya pesa yake.

Mizani ya rangi iweke baada ya filta kufungwa, si kabla. Karatasi nyeupe mbele ya lenzi, bonyeza, umemaliza.

Hatua ya nne: polaraiza, na uso wa mtu

Polaraiza ni kioo kinachochagua mwanga kwa upande unaotetemekea. Mng'ao unaorudi kutoka majini, kwenye vioo na kwenye majani unatetemeka zaidi upande mmoja, kwa hiyo ukiizungusha polaraiza mbele ya lenzi mng'ao huo unaweza kufifia au kurudi. Inakula stopu moja na nusu hadi mbili, ziondoe kwenye hesabu yako ya ND.

Majini, usitazame wima na usitazame usawa. Simama mahali ambapo macho yako yanakutana na maji kwa mshazari wa nyuzi 37 hivi, zungusha, na utaona chini ya maji kama mtu amefuta kioo. Kwa gari, inaondoa mawingu kwenye kioo cha mbele ili uso wa dereva wa taksi uonekane. Vioo vya pembeni ni hadithi nyingine: vimepitishwa kwenye moto ili viwe vigumu, na polaraiza hukuonyesha madoa ya mistari ndani yake ambayo macho hayakuyaona. Tena, onyesho la mtu anayesoma ujumbe wa pesa kwenye simu, polaraiza ikiwa imefungwa, linaweza kukupa simu nyeusi tii kwa sababu skrini nyingi nazo zina polaraiza ndani. Zungusha kidogo, ujumbe unarudi.

Anga ina siri yake. Mwanga wa anga huchagulika zaidi kwenye mstari ulio pembe mraba na jua. Nyoosha kidole cha shahada kuelekea jua, dole gumba lisimame kama bastola ya watoto, kisha zungusha mkono: kila mahali dole gumba linapopita, hapo anga itakolea. Asubuhi jua likiwa mashariki, mstari huo unapita juu ya kichwa chako kutoka kaskazini hadi kusini. Saa saba mchana kwetu, jua likiwa utosini, mstari unalala kwenye upeo wa macho pande zote, kwa hiyo vilima vya Kampala vinapata anga iliyokolea popote ugeukapo. Ni moja ya zawadi chache za jua la saa saba. Kwa lenzi pana sana angalia doa: sehemu moja ya anga inakuwa buluu ya wino na nyingine imepauka.

Kwenye maporomoko ya Murchison, pale Mto Nile unapojibana kwenye mwanya wa mita saba hivi, jua likiwa nyuma yako utaona upinde wa mvua kwenye mvuke. Zungusha polaraiza robo mzunguko, upinde unatoweka. Zungusha tena, unarudi na nguvu. Kuna watu wameshuka hadi pale na polaraiza iliyokaa vibaya, wakarudi Kampala wakisema siku yao haikuwa na upinde.

Jambo la uso ndilo ninalotaka ulishike kuliko hayo yote. Uso mweusi kwenye kamera hauchorwi na kivuli peke yake, unachorwa na mng'ao: mstari wa mwanga kwenye mfupa wa shavu, kwenye daraja la pua, juu ya paji. Polaraiza ikigeuzwa hadi mwisho inaufuta mng'ao huo wote, na msanii wako anabaki bapa kama picha ya kitambulisho. Miongozo mingi ya wenzetu inasema polaraiza ni nzuri kwa ngozi kwa sababu inaondoa jasho. Ni kweli kwa ngozi wanazozipiga wao. Ninavyofanya: naikaribia sura, nazungusha hadi mng'ao uishe kabisa, kisha naurudisha polepole mpaka shavu lipate mstari wake tena, jasho la paji likiwa limepungua tu. Hapo naacha. Usisahau kwamba ND ya kuzungusha nayo ni polaraiza mbili zilizobebana, kwa hiyo inafanya mchezo huo huo bila kukuuliza. Ukiona uso umekufa na hukufunga polaraiza, tazama ND yako.

Hatua ya tano: sasa vunja kanuni

Kupandisha shata. Toka 1/50 hadi 1/200, na ukungu wa mwendo unabaki robo tu. Kila fremu inakatika kama kwa kisu. Hii inafaa kwa hofu, kwa vita, kwa mvua ya kwanza ikipiga bati, na kwa ngoma. Kule Mbale, imbalu, yaani tohara ya Wamasaba, hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili, na ngoma za kadodi zikipita barabarani miguu inachota vumbi. Kwa 1/50 vumbi ni pazia. Kwa 1/200 ni punje zinazoruka kutoka kwenye kisigino, unaziona zikipanda, na kijana anayekwenda kutahiriwa anaonekana kama kila hatua inamgharimu. Ukipita 1/500 unaanza kurudi kwenye homa ya pikipiki yangu. Na usitumie kwa filamu nzima. Onyesho moja linashtua, yakifika kumi ni kelele.

Angalia kilichotokea kwa mwanga: kutoka 1/50 hadi 1/200 umepoteza stopu mbili. Usikimbilie ISO. Punguza filta, ND64 iwe ND16. Filta inafuata shata, siku zote.

Kushusha shata. Kwa fremu 25 mwisho wake ni 1/25, maana shata haiwezi kukaa wazi kuliko fremu yenyewe. Ukungu unaongezeka maradufu, kila kitu kinaacha mkia. Mlevi anayerudi nyumbani, homa kali, ndoto, kumbukumbu ya utotoni: 1/25. Usiku ina faida ya pili, unapata stopu moja ya bure. Simama kando ya Jinja Road magari yakiwa yamewasha taa, chagua boda mmoja, mfuate kwa kamera ukigeuza kiuno, si mikono. Ukienda naye sawa, helmeti yake inabaki kali na duka zote nyuma yake zinavutika kuwa mistari ya rangi. Utakosa mara tisa. Ya kumi itakufanya ukae hapo hadi usiku wa manane.

Kamera nyingine hukubali 1/12 au hata 1/6. Kinachotokea ni kwamba inarudia fremu ile ile mara mbili au nne ili ijaze sekunde, na mwendo unakuwa wa kukokota, kama mtu anayeona akiwa chini ya maji. Nyingine hukataa kabisa. Jaribu yako.

Kuna pia ule wa picha za kuunganisha, ambapo saa nzima inapita kwa sekunde chache. Ukipanda juu ya jengo linalotazama Old Taxi Park, piga picha moja kila sekunde mbili, shata ikae wazi sekunde moja, nusu ile ile ya nyuzi 180. Mchana, ISO 100, f/5.6, utahitaji ND1000, stopu kumi. Taksi nyeupe zinakuwa maziwa yanayomiminika, na wanaosimama tu ndio wanaobaki watu: mpiga debe, mama wa ndizi, askari. Sekunde kumi za filamu ni picha 250, yaani dakika nane na kitu za kukaa juu ya bati. Beba maji. Omba ruhusa kwa mwenye jengo kwanza, na umwambie mlinzi mapema, maana kamera kwenye tripodi mjini huzua maswali.

Taa za ndani zina sheria zao

Nimesema taa hufifia mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 inameza mififio miwili kamili, ya 1/100 mmoja, ya 1/25 minne, na picha inatulia. Shata ya 1/60 inameza mmoja na kipande, na utaona mistari myeusi ikipanda ukutani kama ngazi. Ndani ya ukumbi, basi, ile michezo ya 1/200 iache au ulete taa zako za betri.

Jenereta ndilo adui wa kweli. Umeme ukikatika na jenereta likiwaka, mizunguko haibaki 50. Jokofu likiingia inashuka, likitoka inapanda, na shata yako ya 1/50 iliyokuwa salama inaanza kutoa mistari. Kama kamera yako ina shata ya kurekebisha kwa desimali, isogeze taratibu, 49.5, 48.8, hadi mistari isimame. Isipokuwa nayo, mbembeleze mwenye ukumbi azime jokofu la soda kwa dakika kumi. Mimi nimewahi kulipia soda zilizopata joto, na ilikuwa rahisi kuliko kurudia onyesho.

Filta za nyumbani

Zipo filta za dukani za kulainisha mwanga, nami nimezitumia. Lakini soksi ndefu ya nailoni, ile ya akina mama, inafanya nusu ya kazi yao. Ikate kipande, ivute mbele ya lenzi ikaze, funga kwa mpira. Nyeusi inalainisha uso na kuacha weusi wa picha ukiwa mweusi. Ya rangi ya ngozi inaweka ukungu wa maziwa kwenye picha nzima. Lenzi iwe wazi, f/2.8 au chini yake, ukifunga hadi f/8 utaona nyavu zenyewe. Kwanjula ndani ya hema, gomesi za satini zikiwaka nyuma ya bibi harusi, soksi nyeusi inazifanya zitoe mwanga pembeni kama taa ya kandili. Usiizidishe kwenye sura za wazee. Mikunjo yao ndiyo uliyoifuata.

Vaseline inafaa kwa kando za picha tu, tena juu ya filta ya zamani ya UV, isiguse lenzi kamwe.

Ninayoipenda zaidi ni mshipi wa nailoni wa kuvulia. Chukua mwembamba, uukaze wima mbele ya lenzi, karibu na kioo iwezekanavyo, ubandike kwa utepe kwenye pete ya mbele. Kila taa iliyo mbele yako itatoa mstari mrefu wa mwanga uliolala. Ukiukaza umelala, mistari inasimama. Lenzi ya milimita 50 au zaidi, tundu wazi, ISO upandishe usiku maana hapa hakuna ND ya kuhesabu.

Mshipi wangu niliununua mwaloni kwa mvuvi, nikamwambia nataka mita moja tu. Akanitazama, akatazama kamera. "Kaka, humo ndani kuna samaki gani?" Nikamrudia usiku wa giza, mwezi haujatoka, siku ambazo wavuvi wa mukene hutoka na taa zao kuwavuta dagaa juu. Tukasimama gatini, nikamwekea jicho kwenye kamera. Shata 1/25, lenzi wazi. Mitumbwi ilikuwa nukta tu gizani, na kila nukta imepasua ziwa kwa mstari mmoja kutoka ukingo huu wa fremu hadi ule. Akaizungusha pete mwenyewe bila kuniuliza, mistari ikainuka ikasimama wima, akairudisha ikalala, akainua tena.